Nipe Jina, Nipe na Kitabu (Sehemu ya Tatu)

Julai 7 imepita na simu yangu bado haijapoa. Tangu UNESCO iitenge tarehe hiyo mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila ikikaribia makundi ya WhatsApp hufurika orodha za vitabu ambavyo eti mtu asife hajavisoma. Safari hii nimeletewa orodha sita, nne kati yake na watu niliowafundisha mwenyewe. Zote zinaanza na Kusadikika ya Shaaban Robert, zote zinaitaja Rosa Mistika, na zote zina ugonjwa mmoja. Nilimwuliza kila mwenye orodha: hicho cha nne unacho nyumbani nije nikiazime? Watano wakanyamaza. Wa sita akanitumia kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Leo nataka tulishike neno moja: chuo. Watu wa Pate na Lamu wakitaka kusema kitabu walisema chuo. Ndiyo maana utenzi alioutunga Bwana Mwengo huko Pate mwaka 1728, tunaouita Utenzi wa Tambuka, una jina jingine la Chuo cha Herekali. Mtoto akipelekwa kusoma Kurani alikwenda chuoni, yaani penye vitabu. Sasa tuna vyuo vikuu hata hatuvihesabu, na wapo waliohitimu katika kitabu kikubwa pasi na kufungua hata kidogo nje ya mtihani. Nisichokoze watu, tuendelee.

Zamani hizo kumsifia mwenzako chuo kulikuwa na gharama. Ukisema utenzi fulani ni mtamu, jibu lake lilikuwa fupi: basi nipe niunakili. Hapo utautoa, ukae nao macho, maana unakwenda kulala nyumba ya mtu mwingine. Naye atanunua karatasi, atachonga kalamu ya mwanzi, ataketi na beti mia na ushei, kila ubeti vipande vinne, mpaka mgongo umwambie basi. Mwishoni ataandika jina la mtunzi, mara nyingi na lake pia, atataja tarehe na kumwomba msomaji amsamehe palipokosewa. Mtu aliyepitia taabu hiyo hakuhitaji kuulizwa kama kitabu amekisoma.

Mchukueni Mwana Kupona binti Msham. Utenzi wake aliutunga mnamo 1858, mwenyewe akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima. Vijana wa leo wanaupinga kwa yale anayosema juu ya mke na mume, na wana haki yao ya kupinga. Lakini wanaupinga kwa sababu waliusikia ukipingwa. Wangeufungua wangeona unavyoanza: mama anamwita binti aje na wino na karatasi. Na unapokaribia mwisho mama huyohuyo anawaambia wanawake wote wausome. Kwa maneno mengine, mtunzi aliandika kitabu, akakikabidhi, akawataja na watakaokabidhiwa baadaye. Hiyo ndiyo orodha ninayoielewa mimi.

Nani aliukabidhi utenzi huo mpaka ukatufikia sisi? Wengi, lakini mmoja lazima nimtaje, na nikimtaja huwa simwachi upesi. Mke wangu analijua hilo na huhamia jikoni. Ni Muhammad bin Abubakar, maarufu kwa jina la Kijuma, wa Lamu. Alikuwa fundi wa kuchonga milango na masanduku, mwanamuziki, mshairi, na juu ya yote mwandishi wa hati nzuri. Utenzi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913 ni wake. Walipokuja wageni wanaotafuta tungo za kale, Alice Werner na William Hichens kutoka Uingereza, na baadaye Ernst Dammann kutoka Ujerumani, mlango uliogongwa ulikuwa wa Kijuma. Aliwanakilia utenzi baada ya utenzi, na kazi za mkono wake sasa zimehifadhiwa London na Ujerumani. Alifariki 1945.

Wapo wanaomlaumu Kijuma kwamba aliuza mali yetu. Nimeyasikia hayo barazani, na sikubaliani nayo. Angalieni zile karatasi zilizobaki majumbani mwetu zimekuwaje: nyingine mchwa, nyingine mvua, nyingine ziliachwa na wajukuu wasiojua kuzisoma. Yeye alinakili, na anayenakili hapunguzi, anaongeza. Ningetamani wenye kumlaumu wangekuwa wamenakili ukurasa mmoja. Nami nilijaribu. Mwaka fulani nilinunua daftari kubwa, nikasema nitaunakili utenzi wa Mwana Kupona wote kwa mkono, niuonje kama alivyouonja Kijuma. Nilifika ubeti wa 31. Lakini beti hizo 31 ndizo ninazozikumbuka hadi leo bila kitabu, nazo zilizobaki nazisoma kama mgeni. Nilipokuwa nikiandika neno ambalo sikulijua, kalamu ilisita yenyewe; jicho lingelipita.

Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa naye alifariki karibu na mwaka 1840. Diwani yake aliyoihariri Hichens ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Miaka mia nzima mashairi yale yaliishi vinywani na katika karatasi za watu, na haikosi mengi yalianguka njiani. Mwalimu Sikujua wa Mombasa ndiye aliyesaidiana na mmisionari William Taylor kuyakusanya yaliyosalia. Hakuna tuzo yenye jina la Sikujua. Ipo barabara? Kama ipo, nionyesheni.

Mashine za chapa zilipoenea, kusifu kukawa rahisi. Halmashauri ya vitabu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948 ilichapisha, ikaendesha mashindano, ikasambaza vitabu kwa masanduku na kwa posta hadi vijijini. Katika mashindano yake ya 1957 na 1958 alishinda mtu wa Makunduchi, Muhammed Said Abdulla, kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, na kiko chake wakaingia nyumbani kwetu mkononi mwa mwalimu wangu wa darasa la tano. Aliandika jina langu kwa penseli ukurasa wa kwanza, chini ya majina manane, akasema, "Siku saba, bwana mdogo. Ya nane nakuja kwa mama yako." Nilikirudisha siku ya sita. Alipostaafu alinipa kitabu chenyewe, na majina yake yote.

Na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, mnadhani ilisambazwa na orodha? Ilipigwa marufuku shuleni. Bwenini kwetu palikuwa na nakala moja tu, imevikwa jalada la kitabu cha jiografia, na zamu ya kuisoma ilipangwa kwa nambari za vitanda. Mimi nilikuwa wa 22. Ilinifikia kurasa za katikati zikishikwa na uzi wa kushonea.

Basi tuje kwenye haya ya leo, ingawa nafasi inanibana. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, watu walinipigia wakitaka kitabu chake cha Kiswahili. Sikuwa na cha kuwapa. Riwaya yake ya 1994 ilipata sauti ya Kiswahili mwaka 2022, ikaitwa Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis: miaka 28 tangu Yusuf, mtoto wa watu, akabidhiwe kwa tajiri kulipia deni la babake. Tangu itoke nimeiona katika orodha nyingi mno. Mkononi mwa msomaji nimeiona mara mbili.

Juzi nilipita kwa kijana anayetandika vitabu vya mitumba kando ya njia huku Posta. Akaniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba, nikamwuliza Kusadikika.

"Kipo, mzee. Ila kurasa za mwisho hazipo."

"Wanaokinunua hawalalamiki?"

"Hajarudi hata mmoja, mzee."

Orodha yangu basi, kwa mkato, na vyote ninavyo rafuni: Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, kwa anayetaka kuona Kiswahili kinavyoweza kuimba bila kujidai. Kuli ya Shafi Adam Shafi, kwa aliyewahi kulipwa kibarua pungufu. Na barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizochapishwa 2002, kwa anayemdhania Shaaban kuwa sanamu. Humo ni kaka mtu tu, anaagiza hiki na kuulizia kile. Kichwamaji cha Kezilahabi ningekitaja, ila kimeazimwa na rafiki yangu tangu 1983. Anajijua.

Atakaye chochote kati ya hivyo na aje alasiri, kuanzia saa kumi. Vitabu vya kupigwa picha na kurushwa simuni sitaki kuletewa. Aliyeviandika naye ana watoto wanaokula. Penseli ipo mezani, imefungwa kwa kamba kwa sababu mbili zilizotangulia zilikwenda na vitabu.