Uzi wa Kioo Unaokamata Sumu

Ukija hospitalini na homa, tunatoboa kidole chako, tunatandaza tone la damu juu ya kioo, na kulitazama kwa mikroskopi. Hivyo tunaona vijidudu vya malaria. Lakini viko vitu vidogo kuliko vijidudu, ambavyo mikroskopi hiyo haiwezi kuvionyesha. Sumu ambayo vijidudu huitoa ni mojawapo. Basi, utapimaje sumu usiyoweza kuiona?

Wataalamu wamepata njia ya kuipima kwa mwangaza. Huchukua uzi wa kioo, mwembamba karibu kama unywele, na kupitisha mwangaza ndani yake. Pengine utasema, “Mwangaza huenda moja kwa moja, utapitaje katika uzi uliopinda?” Mwaka 1841, katika mji wa Genève, Daniel Colladon aliangaza ndani ya maji yaliyokuwa yakiruka kutoka tunduni. Maji yalipopinda kuanguka chini, mwangaza uliyafuata, kwa maana kila ulipogusa ukingo wa maji ulirudishwa ndani. Katika kioo ni vivyo hivyo.

Lakini angalia sana jambo hili. Mwangaza unaporudishwa, kidogo chake hutokeza nje ya kioo. Haufiki mbali: kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kisha unakwisha. Hapo ndipo mtego unapowekwa.

Mwili ukishambuliwa hufanya askari, ndio antibodi, na kila askari anamjua adui wake. Askari hao hubandikwa juu ya uzi, nao huikamata sumu inayopita. Kisha huletwa askari wengine waliotiwa rangi, wakaishika sumu ile ile. Rangi iliyo karibu na uzi inang’aa. Ile inayoelea mbali hainga’i, kwa sababu mwangaza hauifikii. Mng’ao huo hurudi ndani ya uzi mpaka kwenye kipimo. Ukizidi, sumu imezidi.

Huko Washington, Marekani, Bibi Frances Ligler na wenzake katika maabara ya jeshi la majini walifanya kazi hii miaka mingi. Sumu moja waliyoitafuta ni ya botulini, inayotokea katika chakula kilichohifadhiwa vibaya, nayo hulegeza misuli hata mtu ashindwe kuvuta pumzi. Kiasi cha gramu moja iliyogawanywa mara milioni elfu, kwa hesabu chache tu, ndani ya mililita moja, waliweza kukitambua. Ni kama kutupa punje ndogo ya chumvi katika ndoo ya maji, na uzi ukaionja.

Damu, lakini, si maji safi. Ina protini nyingi, nazo hujibandika ovyo juu ya kioo kama vumbi juu ya mafuta, na kipimo kinaweza kudanganyika. Kwa hiyo kioo hupakwa dawa ya kuzizuia, tena huwekwa uzi wa pili usio na askari wa sumu hiyo, ili kulinganisha.

Tena uzi wa sumu moja haujui neno juu ya kifua kikuu. Ndivyo vilivyo hata vipimo vyetu vya kila siku: kila kimoja hujibu swali lake tu. Mwuguzi akikuuliza ulikula nini juzi, na nani mwingine nyumbani anaugua, usidhani anachungulia mambo yako. Anatafuta kujua akupime nini.