Je, Wajua? Presha ya Twiga Ingemlaza Mtu Wodini

Twiga dume aliyesimama wima akila majani ya mgunga pale Serengeti ana presha inayozidi milimita 200 za zebaki karibu na moyo. Mtu mzima mwenye afya huwa na 120 juu ya 80. Binadamu akikutwa na presha ya twiga, daktari hamruhusu kurudi nyumbani.

Kwa twiga si ugonjwa, ni mahitaji. Ubongo wake uko mita 2 hivi juu ya moyo, na kuipandisha damu umbali huo tu kunakula milimita 150 za zebaki. Ikifika kichwani, iliyobaki ni presha ya kawaida kabisa.

Kazi hiyo hufanywa na chumba cha kushoto cha moyo. Shingo inavyorefuka tangu utotoni, ndivyo ukuta wa chumba hicho unavyozidi kuwa mnene. Moyo wa mgonjwa wa presha nao hunenepa, ila huo huota makovu, hukakamaa, na mwishowe hushindwa kusukuma. Wa twiga haupati makovu hayo.

Miguuni ndiko hasa kwenye maajabu. Damu yote ile inaelemea chini, na kwa hesabu ya kawaida miguu yake ingevimba maji kama ya mtu aliyekaa kwenye basi kutoka Mwanza hadi Dar. Haivimbi. Ngozi ya mguu ni ngumu na imebana kama soksi zile wanazovalishwa wagonjwa baada ya upasuaji. Chini kidogo ya goti, mshipa wa ateri unakuwa mwembamba ghafla, na kuta zake ni nene.

Sasa mtazame akinywa maji. Anatanua miguu ya mbele, anasita, anaangaza huku na huko, ndipo anainamisha kichwa. Damu inayotoka kichwani hujikusanya kwenye vena kubwa za shingo, hivyo moyo hupokea kidogo na presha hushuka. Tungeinuka ghafla kama yeye, wewe na mimi tungeona kiza na kuanguka. Yeye, damu ile iliyojikusanya humiminika moyoni papo hapo, moyo ukasukuma kwa nguvu, naye akaondoka zake akikimbia, simba akimtaka.

Mwaka 2021 watafiti, wengi wao wa China, walichapisha matokeo ya kupandikiza panya jeni ya FGFRL1 ya aina waliyo nayo twiga. Panya hao walipopewa kemikali ya kupandisha presha, presha yao haikupanda kama ya wenzao, na moyo na figo havikuumia sana kama vya hao wengine.

Wewe huna jeni ya aina hiyo. Presha ikipanda mara nyingi haiumi wala haikupi dalili, hadi siku ya kiharusi. Kapime, na ukikuta 140 juu ya 90 zaidi ya mara moja, usingoje kichwa kikuume ndipo umwone daktari.