Mazabodi ya Bei Nafuu kwa Kompyuta ya Chama

Kompyuta ya chama chetu ina prosesa ya Ryzen 5 1600, ya mwaka 2017. Gazeti hili hupangwa humo, na humo pia tunasafisha sauti za mahojiano ya wazee tunayoyakusanya. Microsoft ilipomaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, tulijikuta njia panda, kwa kuwa Ryzen za kizazi cha kwanza hazimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Mfukoni tulikuwa na pauni 120, fedha za mandazi na sambusa. Wapo waliosema tuitupe. Wengine walitaka mazabodi inayoruhusu kupandisha kasi, ili tuikamue prosesa ileile mpaka tone la mwisho. (Tunaandika "mazabodi" kwa sababu ndivyo mafundi wanavyosema, walimu wanaopendelea "ubao mama" watuwie radhi.)

Tuanze na hiyo kasi. Si kila mazabodi inaruhusu kuipandisha. Kwa upande wa AMD kinachoamua ni chipseti. A320, ambayo ndiyo tuliyokuwa nayo, imefunga mlango. B350 na B450 zimeufungua kwa bei nafuu, X370 na X470 kwa bei ya juu. Intel kwa miaka mingi ilikuwa bahili zaidi: ilitaka prosesa yenye herufi K na mazabodi ya chipseti ya Z, vyote viwili. Ndiyo maana mwenye Ryzen ya zamani na mfuko mwepesi huangukia B450, iliyotoka 2018.

Lakini ruhusa si uwezo. Prosesa iliyopandishwa kasi hula umeme mwingi, na umeme huo hupita kwenye vipande vidogo vilivyopangwa kando ya soketi, vinavyoshusha volti 12 za pauasaplai hadi volti moja na ushee. Hapo ndipo watengenezaji hubana gharama. Mazabodi mbili zinaweza kuandikwa B450 zote, moja ikawa na vipande vichache visivyofunikwa, nyingine ikawa na vingi vilivyofunikwa bati nene la kupozea. Vikichemka kupita kiasi, prosesa hupunguzwa kasi, nawe umerudi ulikotoka, ila bili ya umeme imepanda. Kwa hiyo tazama picha ya mazabodi yenyewe kabla ya kusoma maneno ya kwenye boksi. Taa za rangi hazipozi kitu. Kati ya zile za bei ya chini, MSI B450 Tomahawk ilijijengea jina kwa sababu hiyo hasa.

Na faida yake? Ryzen 5 1600 hufika gigahezi 3.6 yenyewe. Ukiwa na feni nzuri na subira, utapata kama 3.8 au 3.9. Ryzen 5 5600 ya 2022 ina viini sita vilevile, lakini hufika 4.4 bila kuguswa, hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila gigahezi, na Windows 11 inaipokea. Inakaa kwenye soketi ileile ya AM4 na kutumia RAM ileile ya DDR4. Kuhamia soketi ya AM5 kungetulazimu kununua RAM ya DDR5 pia, na pauni 120 zisingefika popote.

Kwa hiyo mjadala wa kasi ulikwisha kwa njia ambayo hakuna upande ulioitarajia. Tulitafuta mazabodi inayomudu kupandishwa kasi, lakini kwa ajili ya prosesa itakayokuja, si ile iliyopo. Umeme safi na bati la kupozea ni mahitaji ya zote mbili.

Kilichobaki ni BIOS, na hapa twendeni polepole. Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba B450 hazitapokea Ryzen 5000. Wateja walikuja juu, na mwezi huohuo kampuni ikageuza uamuzi. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa udogo wa chipu ya BIOS: nyingi zilikuwa za megabaiti 16, haziwezi kubeba taarifa za prosesa zote. Tomahawk MAX ina megabaiti 32. Baadaye, mwaka 2022, hata A320 ziliruhusiwa, lakini ilitegemea kila mtengenezaji kutoa BIOS mpya. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa mtengenezaji, tafuta jina kamili la mazabodi pamoja na toleo lake, uone kama prosesa unayoitaka imeorodheshwa na inahitaji BIOS ipi. Kama mazabodi haina kitufe cha kuweka BIOS kwa fleshi bila prosesa, usiiuze prosesa ya zamani mapema. Utaihitaji ili kuwasha mashine na kuweka BIOS hiyo kwanza.

Mambo mawili mafundi hawaandiki popote. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, na gundi ya joto ikikauka, ukivuta feni ya kupozea inaweza kung'oka na prosesa. Washa mashine ipate moto kidogo, izime, chomoa umeme, kisha izungushe feni taratibu kabla ya kuivuta. Pili, Windows huiona mazabodi mpya kama kompyuta mpya, basi unganisha leseni na akaunti yako mapema. Leseni iliyokuja na kompyuta dukani huenda isikubali kuhama.

Tahadhari kwa wanaotaka kununulia ndugu nyumbani kompyuta za ofisi za mtumba: nyingi zina mazabodi za umbo la pekee na plagi za umeme zisizooana na pauasaplai za kawaida, na hazipandishwi kasi. Kwa hizo, ongeza RAM na SSD, basi.

Tulinunua B450 ya mtumba na 5600 ya mtumba, tukabakiwa na pauni nne. Mazabodi ya zamani na ile 1600 tumeziweka kwenye kabati la chama. Mwanachama anayetaka kujifunza kufunga kompyuta atumie Linux humo, asiogope kuifungua.