Je, Wajua? Mdomo wa mtutu ndio unaoamua marisau yatatawanyika vipi
Gobore la Usukumani, lile la kushindilia baruti mdomoni, mtutu wake una upana uleule mwanzo hadi mwisho, haukubanwa mdomoni. Marisau husambaa mapema, swala akajeruhiwa na kwenda kufia vichakani kwa mateso, nyama isimfae yeyote. Shotigani nyingi za kiwandani hubanwa mdomoni. Ya geji 12 ina kipenyo cha milimita 18.5 hivi, mdomo ukibanwa milimita 1 tu, kwenye mita 36 takriban asilimia 70 ya marisau huingia ndani ya duara la sentimita 76. Ukiachwa wazi, ni kama asilimia 40.