Makabidhiano ya Zamu: Kinga ya Mteja, Mhudumu na Mwenye Mgahawa

Migahawa midogo ya kahawa iliyo pembezoni mwa stendi na masoko huajiri vijana wengi wa kata. Kwa kawaida huwa na wahudumu watatu au wanne, na kwa kuwa wote wanafahamiana, wenye biashara wengi huona hakuna haja ya kuandika maagizo. Hata hivyo, hasara nyingi katika biashara ya namna hii hutokana na taarifa ambayo haikufikishwa, wala si uvivu wa mtu.

Chukulia mgahawa unaofunguliwa saa 12 asubuhi na kubadilisha zamu saa 8 mchana. Mhudumu wa asubuhi amechemsha maziwa, amepokea oda ya vikombe 20 vya kikao cha jioni, na amempa mteja mmoja kahawa kwa mkopo. Akiondoka bila kusema, mwenzake hajui maziwa yamekaa kwa muda gani, oda haiandaliwi, na fedha ya mkopo huonekana kuwa imepotea. Mauzo yanapohesabiwa usiku, anayeulizwa ni aliyepo.

Dawa yake ni daftari moja la makabidhiano. Kila zamu iandike mambo manne: fedha iliyopo, ikiwa ni taslimu na ya simu, bidhaa zilizosalia, oda na madeni, na saa maziwa yalipochemshwa. Wahudumu wawili wahesabu fedha kwa pamoja, kisha wote watie saini. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Wakati wa huduma, mhudumu arudie oda mbele ya mteja, na anayeandaa kahawa airudie kabla ya kumimina. Kwa mteja mwenye kisukari, maneno “bila sukari” ni suala la afya yake. Mwenye mgahawa naye ajiepushe kumkaripia mhudumu mbele ya wateja, kwani aliyeaibishwa leo huficha kosa kesho. Kikao kifupi kila wiki, ambacho wahudumu huanza kusema kabla ya mwajiri, hufichua kasoro zikiwa bado ndogo.

Mawasiliano haya yana uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kubandika haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Aidha, mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kufidia hasara kwa dhana tu. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake. Na apewe nafasi ya kupinga kiasi hicho. Jumla ya makato hayo haipaswi kuzidi robo ya mshahara.

Pande mbili zikishindwa kuelewana, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko, daftari lililotiwa saini na wote wawili huonyesha nani alikabidhi nini, na saa ngapi. Wenye migahawa wanaohitaji ushauri wa kuanzisha utaratibu huu wanaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii katika ofisi ya kata yao.