Bahati Nasibu ya Hisani Ina Mipaka Yake

Mtu anunuaye tikiti ya bahati nasibu ili kumsaidia mgonjwa hawezi kuifuata fedha yake mpaka hospitali. Kwa sababu hiyo, katika Uingereza, Wales na Scotland, halmashauri ya mahali huifuata kwa niaba yake.

Kwa sheria ya mwaka 2005, chama kidogo kitakacho kuuza tikiti hizo madukani sharti kwanza kiandikishwe na halmashauri. Mauzo ya bahati nasibu moja yasizidi pauni 20,000, wala ya mwaka mzima yasizidi pauni 250,000. Chama kikitaka kuvuka mpaka huo, hakina budi kuomba leseni kwa Tume ya Kamari.

Tena, katika kila pauni 100 zilizopatikana, zisizopungua 20 lazima zifikie kazi ya hisani iliyotajwa. Kisha, kabla ya miezi mitatu kupita, hesabu hupelekwa kwa halmashauri, nayo imetiwa sahihi na wanachama wawili walio watu wazima. Chama kisichotimiza masharti chaweza kufutwa katika daftari.

Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.