Nyayo Zikifa Ganzi

Katika parokia zetu za pwani, kuanzia Kilwa Kivinje hadi Lindi, wapo wazee wanaotembea vizuri mchana, lakini jua likizama wanayumba. Wenye midomo myepesi husema wamelewa.

Ili tusimame wima, ubongo hupokea habari kutoka kwenye macho, sikio la ndani na nyayo. Kisukari cha muda mrefu, ukoma au upungufu wa vitamini B12 huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Nyayo zikifa ganzi, macho hubeba kazi yake. Ndiyo maana mgonjwa hupepesuka akifumba macho kunawa uso, au akikanyaga mchanga laini wa ufukweni.

Sasa tuufikirie Mkesha wa Pasaka: taa zimezimwa, kanisa limejaa, naye amesimama katikati ya umati. Tumpe kiti karibu na ukuta, na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Hata Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 43, hayamlazimishi kupiga magoti mtu ambaye afya haimruhusu.

Nyumbani, njia ya chooni iwe na taa usiku. Fimbo isaidie, na viatu vinavyoshika kisigino vichukue nafasi ya kandambili. Kila jioni nyayo zikaguliwe, kwa kuwa mwiba au jiwe la matumbawe humkata asihisi. Na apimwe sukari. Kama ana baka lisilo na hisia, apimwe ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure.